Mnyororo Jikoni kwa Mwanawema

Dada yangu Mwanawema hakuipanda pikipiki hata siku moja. Ukimwambia apande, alikuwa akisema bora umpakie juu ya punda kipofu. Lakini ile pikipiki ya Bwana Khatib isingefika popote bila ya yeye. Nikiwaambia watu wa siku hizi hivyo, wananicheka. Nichekeni tu nikiwa hai, nikifa mtamuuliza nani?

Mwanawema alikuwa mpika mafuta pale kwetu Vitongoji. Alikuwa akipika ya nazi, ya ufuta, ya mbarika, na hakuna kichwa cha mwanamke kijiji kizima ambacho hakikupakwa mafuta yake. Mie Moza, mdogo wake, kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kunung'unika, na zote mbili nilizijua barabara.

Mume wake, Othman, alikuwa mvuvi. Wangu mie, Matano, naye alikuwa mvuvi. Matano alitoka asubuhi moja, mwaka mmoja kabla ya vita vya Wazungu, akaniambia nimwekee kisamvu. Hakurudi, wala ubao wa chombo chake haukurudi. Mwaka wa pili yake akapotea Othman. Siku mbili hatujui yuko wapi, siku ya tatu akatupwa pwani amekumbatia kipande cha ngalawa, ngozi imembambuka kwa chumvi. Mwanawema hakulia. Alimwosha, akamnywesha uji, akamngojea amalize.

"Othman," akamwambia, "bahari basi."

"Nitakula nini, mke wangu?"

"Utakula mafuta. Lakini baharini hutarudi tena. Moza hana hata kaburi la kulitazama, na mie sitaki kuwa hivyo."

Nilikuwepo, nikasikia, na niliuma kweli. Lakini alisema haki.

Basi Mungu akaleta riziki. Bwana Khatib, tabibu wa Chake Chake aliyekuwa akizunguka vijijini na sanduku la dawa, alikuwa ameachiwa pikipiki na Mzungu mmoja aliyehama. Siku ya kwanza kuipanda aliingia nayo kwenye shamba la muhogo, akatokea upande wa pili na jani mdomoni. Akaapa kuwa yeye ni mtu wa sindano, si mtu wa kuendesha. Akatafuta dereva. Othman, ambaye hata baskeli hajapata kuigusa, akasema, "Chombo ni chombo," na baada ya wiki moja alikuwa akipita Vitongoji kifua mbele, Bwana Khatib nyuma yake ameshika kofia kwa mkono mmoja na roho kwa mkono wa pili.

Ila kulikuwa na Silima. Silima ni binamu yake Othman, na alikuwa na chombo kipya. Kila Ijumaa baada ya sala anakuja mpaka mlangoni kwa dada yangu, anapiga hodi, anasema, "Othman, nafasi yako ipo, yakhe. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ati hata uende wapi, utarudi tu. Mwanawema alikuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo karibu sana na miguu yake. Lakini yeye na mie tulijua kuwa maneno ya Silima yana ukweli: siku pikipiki itakapokufa, Othman atarudi baharini, maana kazi nyengine haijui.

Na pikipiki ikaanza kufa. Vita vilipokolea, petroli Bwana Khatib akiipata kwa cheti, lakini oili ya makopo iliyokuwa ikishushwa bandarini Wesha ilikatika kabisa. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Pikipiki ile ilikuwa na minyororo miwili. Mmoja mrefu, ule unaozungusha gurudumu la nyuma, kila mtu anauona. Wa pili mfupi, umefichwa ubavuni ndani ya kasha la bati. Huo ndio unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye klachi na gea. Ule mrefu ukiukosesha mafuta utalia tu njia nzima. Huu mfupi ukiukosesha mafuta unakauka, unapata moto, unarefuka, mwisho unakatika, na hapo injini itanguruma mpaka kiama na nyinyi mmesimama pale pale.

Othman akafungua kasha, akaona mnyororo umekauka, mwekundu kwa kutu. Akaja nyumbani amenyong'onyea. Mwanawema akamwuliza, "Unataka mafuta? Mafuta hapa kwangu yamekosekana lini?" Akachukua ya nazi, akayachuja kwa kitambaa mara mbili, akayamimina ndani ya kasha.

Loo, ilikwenda! Ilikwenda laini, na ikinukia kama bibi harusi. Watoto walikuwa wakiikimbilia nyuma kwa ile harufu. Kaskazi yote haikusumbua. Mwanawema alikuwa akitembea shingo juu, na mie nilikuwa nikimwambia, "Haya, fundi, na kichwa changu je, au siku hizi unapaka vyuma tu?"

Kikaingia kipupwe. Nyinyi wenyewe mnajua mafuta ya nazi yanavyofanya asubuhi za kipupwe: yanaganda meupe ndani ya chupa mpaka uyaanike juani. Kila mwanamke wa Pemba anajua hilo. Dada yangu alilijua kabla hajaota meno. Lakini hakuna aliyefikiri kuwa ndani ya kasha la bati nako ni ndani ya chupa! Asubuhi moja Othman akaitia moto pikipiki, Bwana Khatib akapanda, Othman akabana klachi ili atie gea. Kumbe sahani za klachi, ambazo nazo zimo ndani ya kasha lile lile, zimegandana kwa mafuta. Klachi haikuachia. Pikipiki ikaruka kama ng'ombe aliyepigwa upondo, ikapita juu ya majamvi ya jirani yetu Mzee Mbarouk, majamvi manne ya karafuu zilizoanikwa, ikaenda kusimama kwenye ukuta wa choo.

Hakuumia mtu. Bwana Khatib alitolewa karafuu masikioni siku mbili. Mzee Mbarouk alisema maneno ambayo mie mjane mwenye heshima zangu siwezi kuyarudia, na sisi wanawake tulizichambua karafuu zile mpaka magharibi huku tukicheka kwa kujificha. Mwanawema peke yake ndiye hakucheka.

"Ni mimi," akaniambia. "Nimeiharibu kwa mkono wangu."

Hapo akajitokeza Duni, mshona nguo wa barazani, aliyekuwa na cherehani na akijiona ndiye fundi wa kila kinachozunguka. "Mnyororo wa nini?" akasema. "Tazameni cherehani yangu. Mkanda wa ngozi, kimya, hautaki mafuta wala mbembelezo. Toeni huo uchafu, nitakutieni mkanda." Othman, kwa kuwa mnyororo wake ulikuwa umeshachoka na mpya hapatikani, akakubali. Wakachonga magurudumu mawili ya mti wa mtondoo, yenye mfereji, wakayapachika mahali pa yale ya meno. Ngozi Duni aliikata kwa ng'ombe aliyekuwa maarufu kwenye mchezo wa ng'ombe, jitu lililokuwa likiwapandisha watu juu ya minazi. Mie nikasema, ng'ombe huyu hakukubali kuongozwa akiwa hai, atakubali leo?

Siku tatu ilikwenda vizuri, na Duni hatukupumzika naye kwa majivuno. Siku ya nne injini ikavuja tone la mafuta, likaingia kwenye mkanda. Mkanda ukianza kuteleza haujui tena kushika. Wakafika kile kilima cha njia ya Chake, injini inapiga kelele, mkanda unateleza, moshi unatoka, harufu ya ngozi iliyoungua inafika mpaka mashambani. Watu wakadhani kuna anayechoma miguu ya ng'ombe kwa supu. Bwana Khatib akasukuma pikipiki mpaka kileleni na joho lake. Alipofika juu, akasema kwa upole, na upole wake ndio uliotutisha: "Othman, Jumatatu nakwenda Vitongoji na kurudi. Ikinilaza njiani tena, naiuza vyuma, nanunua baskeli. Nawe nitakuombea kheri."

Ijumaa hiyo Silima alipopiga hodi, Othman hakumfukuza. Alimwambia, "Nitakujibu Jumatatu."

Nilimwona dada yangu uso ulivyogeuka. Alikwenda jikoni, akatoa visahani vinne, akavitia mafuta: ya nazi, ya ufuta, sifa ile ya papa wanayopakia vyombo, na ya mbarika, ile haluli tuliyokuwa tukinyweshwa utotoni tukikamatwa miguu na mikono. Akaviweka juu ya bati uani. Alfajiri ya Jumamosi, kabla hata ya sala, akanivuta kwenye kitanda changu. "Njoo uone." Nazi imeganda. Sifa imeanza kunata kama ulimbo. Ufuta uko majimaji, lakini alipoutia kwenye bati alilolipasha motoni ukawa mwepesi kama maji, ukakimbia wote. Mbarika ndiyo peke yake iliyokuwa pale pale, nzito, baridi haiijui na moto hauitishi. Aliisugua baina ya kidole na gumba, akanisugua na mie. "Unaona inavyoshika? Haiachi."

"Dada, hiyo ni dawa ya tumbo."

"Na kasha lile si tumbo?"

Siku ile yote tulichuma mbarika njiani, tukazikaanga, tukazitwanga, tukazichemsha na kuengua uto. Jumapili nimechoka, nina njaa, nimeingia jikoni nimeona sufuria iko motoni, nikafunua kifuniko nikitaraji mchuzi. Ndani mna ule mnyororo mfupi! Umejikunja kama mkunga, unachemka taratibu ndani ya mafuta.

"Mwanawema! Umerukwa na akili?"

"Ukipakwa juu mafuta hayaingii vifundoni," akasema, hajageuza hata uso. "Samaki utampaka ndimu juu juu? Mwache aive, mafuta yaingie ndani, halafu apoe humo humo."

Na kweli, ulipotolewa ulikuwa unapinda kama uzi wa shanga. Othman akayatoa magurudumu ya mti, akarudisha yale ya meno, akaufunga mnyororo, akaivuta gea nyuma kidogo kuukaza mpaka ulegevu wake ukabaki unene wa kidole. Mwanawema akamimina mbarika kwenye kasha, kidogo tu, mnyororo uchovye chini na si zaidi, ili klachi isizame. "Bismillahi," akasema, kama anayetia chumvi mchuzini.

Usiku ule Othman aliisukuma kwa mkono mpaka Chake, hakuthubutu kuijaribu kilimani peke yake. Jumatatu walikuja kutoka Chake bila ya tatizo, lakini njia ya kuja ni ya kuteremka, na hata jiwe huteremka. Kurudi ndiko kulikokuwa na kilima. Bwana Khatib alikuwa hajafungua sanduku lake, mara tukasikia mayowe pwani. Silima! Alikuwa akishuka chomboni, amemkanyaga samaki taa, mwiba umemwingia kwenye kisigino na umekatikia ndani. Mtu mzima yule alikuwa akimlilia mama yake. Bwana Khatib akamwekea mguu kwenye maji ya moto, akautazama, akasema, "Huu ni wa kupasuliwa Chake, na sasa hivi."

Basi wakapanda watatu. Othman mbele, Silima katikati na mguu wake umefungwa kitambaa, Bwana Khatib nyuma amemshikilia. Watu watatu kwenye mnyororo mmoja mzee. Pikipiki ikaondoka, sisi tukabaki tumesimama njiani. Hatukuweza kuwaona, miti imeziba, lakini tuliisikia. Ikafika chini ya kilima. Mwanawema akanishika mkono, akaniminya mpaka nikaumia, na safari hii sikunung'unika. Sauti ikapanda, nzito, polepole, haitetereki. Ikafika pale mkanda ulipotelezea. Nikafumba macho. Ikaendelea. Ikafika kileleni, ikabadilika, ikawa nyepesi, ikapotea upande wa Chake.

"Imepanda," akasema Mwanawema. Akakaa chini pale pale njiani, kwenye vumbi, akalia. Alilia kilio chote cha zile siku tatu za Othman. Na mie nikalia, na changu kilikuwa cha mtu mwengine.

Silima alirudishwa baada ya siku nne, juu ya pikipiki hiyo hiyo. Akachechemea mpaka mlangoni, akapiga hodi, na Mwanawema akatoka na bakuli la maji mkononi.

"Bi Mwanawema, usimwage," akasema. "Ile nafasi ya Othman nimempa mvuvi mwengine, Jaribu."

Maji yale alimpa anywe.

Toka hapo, kila Alhamisi alasiri, mnyororo ukitolewa, ukioshwa na kupikwa, maana mbarika ukiiacha mno inageuka gundi. Oili ya makopo ilirudi Wesha baada ya vita, na Othman hakuitaka. Aliendesha mpaka nywele zikawa nyeupe. Na watoto wa Vitongoji walimwombea dua, kwa sababu mbarika yote iliishia kwenye pikipiki na wao wakasalimika kuinywa.

Othman alikufa mzee, juu ya kitanda chake, mkono wake umo mkononi mwa mkewe, kucha bado zina weusi wa mnyororo. Tulimzika nyuma ya nyumba. Ijumaa ya kwanza Mwanawema alitandika mkeka pembeni mwa kaburi amsomee, nami nikasimama mbali, kwa sababu sikujua nisimame wapi.

Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo ukae, Moza. Msomee mumeo Matano hapa hapa. Othman hana choyo, nafasi ipo."

Nikakaa. Mpaka leo ndipo ninapomsomea.