Tope la Njano Kwenye Tanki

Niliondoka Lupaso kwa sababu mwanangu alikuwa kwa wakwe zangu. Msimu wa kupuliza korosho, mke wangu, Mama Neema, aliugua ghafla kwao Mnyambe tulikokwenda kuwasaidia kazi. Tulipokuwa tukimkimbiza hospitali ya Ndanda, mtoto akiwa nasi, pikapu yangu ilikosa nguvu kilimani. Ikazima, ikawaka, ikazima tena. Alifia kwenye kiti cha mbele kabla hatujaiona hospitali. Walimzika kwao, na Neema wakabaki naye.

Sasa walikuwa wanamaliza matanga. Kwao, siku hiyo mume husimama mbele ya mjomba wa marehemu na kueleza alivyomuuguza. Maelezo yakikataliwa, mtoto harudi kwa baba yake. Na shemeji yangu, Baba Shukuru, alishawaambia watu kwamba dada yake aliuawa na ubahili wangu wa kutotengeneza gari.

Masasi mjini nilipita asubuhi kwa fundi aliyenifungia pampu mpya ya mafuta baada ya mazishi. Alipiga boneti kwa kiganja. "Baba Neema, nenda. Hapa umemaliza." Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Hata siku ile kwenye tambarare lilikwenda vizuri.

Kwenye mlima wa kupandia Newala lilianza kukohoa, kikohozi kilekile. Likazima, nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo akaniambia, "Mzee, hilo linataka kubebwa mgongoni kama mtoto." Akaenda zake. Nilikaa nikikitazama kiti cha pembeni yangu, kisha nikawasha. Tulipanda hivyo, kipande kwa kipande.

Newala nilielekezwa kwa fundi mmoja anayeitwa Selemani, mwenye gereji chini ya mabati mawili.

"Shikamoo mzee. Linasumbuaje?"

"Marahaba. Tambarare linakwenda, kilimani linakosa pumzi. Likipumzika kidogo linawaka."

"Pampu?"

"Mpya."

"Aliyeibadilisha alipima?"

"Alisikiliza."

"Pampu haisikilizwi kama redio, mzee wangu."

Akafunga geji ya presha kwenye mpira unaopeleka mafuta kwenye injini. Nilipowasha, sindano ilipanda ikatulia. Akaubana kwa koleo mpira unaorudisha mafuta kwenye tanki, sindano ikaruka juu zaidi. "Pampu yako ina nguvu," alisema, akauachia. "Sasa kanyaga, usiache." Nilikanyaga. Sindano ikaanza kushuka taratibu, mpaka injini ikakohoa.

"Umeona? Inavuta, haipati. Kuna kitu kimeziba kabla ya pampu. Hata ile ya zamani labda ilikuwa nzima."

Tulishusha tanki. Chujio la ndani lilikuwa limevaa tope la njano. Selemani alilinusa, akanipa na mimi. Hakuna mtu wa korosho asiyeijua salfa, unga wa njano tunaopulizia mikorosho.

"Mzee, ulipuliza mikorosho au ulipuliza gari?"

Sikucheka. Nikamwambia nani alifia kwenye gari hilo. Akaweka chini spana yake. "Pole sana, mzee. Nisamehe." Baada ya hapo aliosha tanki bila mzaha na kufunga chujio jingine. Lile la zamani nilimwomba anifungie kwenye mfuko wa plastiki.

Nilikuwa najua tope limetoka wapi. Asubuhi ile alipougua mke wangu, mafuta yalikuwa machache, na Baba Shukuru alikimbilia stoo akarudi na dumu la petroli ya mashine yake ya kupulizia. Alijaza mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemshika mke wangu.

Mnyambe nilifika alasiri. Neema alinikimbilia, bibi yake akamshika mkono katikati ya uwanja. Mjomba alikuwa kwenye kiti, wengine kwenye mikeka.

"Simama utueleze," alisema.

Nilieleza ugonjwa ulivyoanza, tulivyomfunika, gari lilivyozima njiani. Baba Shukuru alidakia, "Tuambie habari za gari."

"Nimekuja nazo, shemeji."

Nikafungua mfuko juu ya mkeka. Nilisema kilichopimwa Newala na kilichokutwa kwenye tanki. Nikasema petroli ilitoka kwenye dumu gani. "Sisemi mtu alikusudia," nikasema. "Wala siwezi kuapa kwamba tungewahi. Lakini gari halikuwa bovu."

Baba Shukuru alilichukua chujio akalinusa.

"Ile chupa," alisema, akimtazama mjomba. "Niliyoikata kuchotea salfa. Nilimiminia nayo mafuta. Nilikuwa na haraka."

Mjomba aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Maelezo yamepokelewa. Baba Neema, chukua mtoto wako." Nilikuwa nimetoka Lupaso kulifuata neno hilo moja. Halikuwa na utamu wowote.

Asubuhi wakati wa kuondoka, Baba Shukuru ndiye aliyebeba begi la Neema mpaka kwenye gari.

"Shemeji," alisema bila kuniangalia, "ungekaa nalo tu moyoni."

"Ningekaa nalo, nawe ungekaa na mwanangu."

Aliifunga kamba ya begi mara mbili, ingawa ilikuwa imekaza.

Njiani kurudi tulipita kilima kile gari lilipozimia siku ya msiba. Gari lilipanda bila kukohoa.

"Baba, mbona leo halizimi?"

"Limesafishwa."

Alifikiri. "Kwa nini siku ile halikusafishwa?"

"Hatukujua, mama."

Nawaandikia ninyi wa nyumbani nilichojifunza, mkitumie. Gari likikosa nguvu kilimani, lipimwe kwanza kabla hamjanunua kitu. Na chombo kilichoshika salfa kisikaribie petroli, hata kama mgonjwa yuko mlangoni. Hasa akiwa mlangoni.

Neema alisinzia kwenye kiti cha mama yake, kichwa kwenye kioo. Injini ilivuma sawasawa mpaka Lupaso. Sijawahi kuchukia sauti nzuri kiasi kile.