Bafta Iliyovuka Jangwa

Jumamosi ile Mama alikuwa uani akipepeta ngano ya boko boko la futari, maana Ramadhani ilikuwa imeshapiga hodi, na Baba alikuwa chumbani akitafuta viatu vyake. Alitafuta uvunguni, akatafuta nyuma ya mlango, akatulaumu sote kwa zamu. Kumbe alikuwa amevivaa. Tulicheka mpaka Bibi, mama yake mzazi, akaweka tasbihi chini apate kupangusa machozi.

Baba alikuwa anakwenda shamba, kaskazini ya Unguja, alikokuwa na kiduka cha mafuta ya taa, sukari na sabuni. Mama alimwagiza nazi za mwezi mzima. "Jumatatu nnarudi," alisema akiwa mlangoni.

"Usiporudi Jumatatu, futari ya mwanzo utaila kwa jirani," Mama alimjibu bila ya kuinua macho kwenye ungo.

Mwaka ulikuwa 1964, na mimi nilikuwa na miaka tisa. Nimeishi maisha yangu yote nikitamani kwamba Mama angeinua macho, ingawa yeye mwenyewe hakupata kulisema hilo hata siku moja.

Jumapili alfajiri tuliamshwa na milio. Bibi alisema ni fataki za harusi.

"Harusi gani ya alfajiri, Mama?" Mama alimuuliza, naye tayari alikuwa ananivuta mkono.

Tuliingia uvunguni, sote watatu. Redio ya jirani ilikuwa ikisema kwa sauti tusiyoijua, ikituamrisha mambo. Mtu alipita mbio uchochoroni. Wakapita wengine nyuma yake. Yule wa mwanzo hatukumsikia tena.

Mchana na usiku vikapita hivyo.

Jumatatu alasiri, risasi bado zinasikika mtaa wa pili, Mama alitoka uvunguni. Akanawa uso kwa maji ya kata. Akakaa mbele ya kioo akajipaka wanja, jicho la kulia, kisha la kushoto, kama alivyofanya kila alasiri Baba anapotarajiwa.

"Umeingia wazimu?" Bibi alinong'ona.

"Kasema Jumatatu."

Jumanne walikuja watu watano. Mmoja nilimjua; alikuwa mteja wa Baba kule shamba, nilimwona dukani akinunua mafuta ya taa kwa kibaba. Alimuuliza Mama mumewe yuko wapi, Mama akasema shamba. Wakatazamana. Yule mteja akaangalia chini, akatwambia tutoke na nguo tulizovaa na kifurushi kimoja kimoja.

Mama alichukua kanzu ya Idi ya Baba. Mikufu yake ilibaki kwenye kabati, lakini kanzu aliichukua.

Tuliwekwa kwenye uwanja wa skuli pamoja na mamia ya wengine. Bi Mize, jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wenye mapanga, alitupitishia chungu cha uji juu ya ukuta. Sikujua aliwaza nini, na sijui mpaka leo. Uji ulikuwa wa moto na tuliunywa. Baadaye ikaja meli, na meli ikatutupa Dubai, ambako Ami Salim, mdogo wake Baba, alikuwa dereva wa magari ya mizigo.

Maskati ndiyo iliyokuwa nchi ya babu zetu, lakini siku hizo haikututaka. Sultani wa wakati ule alikuwa amefunga mlango, na sisi watu wa Zanzibar tulikuwa nje ya mlango huo. Tukakaa Dubai miaka sita, ndani ya vyumba viwili vya udongo, tukisubiri nchi moja itusahau na nyingine itukumbuke.

Katika miaka hiyo vita vya nyumbani kwetu vilikuwa juu ya eda. Bibi alisema mwanawe ameshakufa, na mkewe lazima akae ndani miezi minne na siku kumi, bila ya wanja wala pambo, kama alivyoamrishwa kila mjane. Mama alisema hakai eda ya mtu ambaye hakuna aliyemzika. Ilipotimia miaka minne Bibi alimwendea kadhi, na kadhi akasema mume aliyepotea muda huo inafaa ahukumiwe kuwa amekufa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kupiga pasi kanzu ya Baba.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," Bibi alisema.

"Idi nayo itakuja," Mama alimjibu. "Mtu aliyemwona kwa macho yake kafa, aje anambie. Hapo ntakaa, tena ntakaa sawasawa."

Watu walimsema. Mwanamke mume hayupo na jicho lina wanja! Hata mimi, nilipokuwa msichana, nilimwonea haya, nikatamani awe mjane wa kawaida kama mama za wenzangu. Wanaume wawili walimchumbia kupitia kwa Ami Salim. Mama aliwajibu kwamba ana mume, amechelewa tu.

Mwaka wa 1970 sultani akawa mwengine, na mlango ukafunguliwa. Watu wetu walianza kumiminika Maskati kutoka kila pembe. Mmoja wao alirudi Dubai kuchukua watoto wake, akamwambia Ami Salim kwamba Matrah, bandarini karibu na Maskati, amefika mtu aitwaye Khalfan, aliyekuwa shamba pamoja na Baba siku zile, na kwamba ana habari zake.

Habari gani, yule mtu hakuuliza. Nimemlaumu kwa hilo, ingawa nadhani aliuliza na akaona si kazi yake kutueleza.

"Tumpelekee barua," Ami Salim alisema.

"Shemegi, we una gari," Mama alisema. "Barua ya nini?"

Ndivyo tulivyosafiri. Ami Salim aliazima Land Rova ya tajiri wake. Mama alikaa mbele na kifurushi chake mapajani, kanzu ya Baba ndani yake imefukizwa udi. Bibi alikaa nyuma nami, na yeye ana kifurushi chake, ambacho hakutaka nikiguse. Nilidhani ni halua.

Tuliitwa Waarabu na tukafukuzwa kwa jina hilo, lakini jangwa tulikuwa hatulijui. Tulizaliwa kwenye minazi. Njia ya kwenda Buraimi, mji wa mpakani, wakati ule ilikuwa alama za magurudumu tu, na upepo ukipiga hata hizo zinapotea. Magurudumu yalipozama, Ami Salim alipunguza upepo kwenye mipira, akaweka mabati chini yake, na Mama akashuka kuchimba mchanga kwa karai, baibui limefungwa kiunoni. Bibi alikataa kushuka. Alisema hakukubali kutoka Zanzibar ili aje kuchimba kaburi lake mwenyewe.

Mchana wa siku ya pili mashine ilichemka. Rejeta inayoipoza ilikuwa inavuja maji.

Ami Salim alishika kiuno. Alisema maji tuliyonayo ama tuyanywe sisi ama linywe gari. Alisema nyuma kuna kisima alichokiona, mbele hana hakika.

"Turudi, Bi Zuwena," alimwambia Mama.

Upepo ulikuwa umesimama. Bibi alikuwa ameanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini.

Mama alichukua dumu, akatumiminia kila mmoja fungu lake kikombeni. Fungu lake yeye hakulinywa. Alilibeba mpaka kwenye gari akalimwaga ndani ya rejeta, taratibu, lisipotee hata tone.

"Hilo langu," alisema. "Twende mbele."

Ami Salim alimtazama, kisha akamwaga na lake. Tulifika Buraimi jua linakuchwa, Mama midomo imempasuka, na kitu cha mwanzo alichouliza baada ya kunywa ni njia ya Sahari, ya kushukia pwani, iko upande gani.

Kesho yake, ndani ya milima ya Wadi Jizi, askari walitusimamisha. Kusini ya nchi kulikuwa na vita na kila gari lilipekuliwa. Walikuwa vijana, vidole viko kwenye bunduki. Mama aliziona zile bunduki akanishika mkono vilevile kama alivyonishika uvunguni, nami nilikuwa tayari na miaka kumi na tano.

Mmoja alifungua kifurushi cha Mama, akaikunjua kanzu.

"Ya nani hii?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Ya mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Maskati," Mama alisema, na hakupepesa.

Askari akachukua kifurushi cha Bibi. Haikuwa halua. Ilikuwa bafta nyeupe, kanzu ya kike ndefu na mtandio wake, vimeshonwa kwa mkono, havina ua wala uzi wa rangi. Mwanamke yeyote wa kwetu angejua ni nguo ya eda.

Bibi alikuwa anatazama mawe ya mlimani. Askari alivirudisha vifurushi vyote viwili, akatufungulia njia.

Tulikwenda masafa marefu kabla Mama hajageuka.

"Lini umeishona, Mama?"

"Mwaka wa mwanzo," Bibi alisema.

"Na kipimo umekipata wapi?"

"Ulipolala."

Nilitarajia ugomvi. Mama aligeuka mbele tena, na njia nzima ya pwani ya Batina, bahari kushotoni na mitende kuliani, sikusikia ila mlio wa gari. Tulipokaribia Matrah alimwomba Ami Salim asimamishe. Akanawa uso, akatoa kichupa, akajipaka wanja kwenye kioo cha gari. Bibi alimwangalia muda wote, na safari hii hakumwambia kitu.

Khalfan alikuwa mtu mwembamba, nywele zake zimeingia mvi kabla ya wakati. Alitupokea kwenye baraza ya nyumba ya jamaa zake, akatupa kahawa, na Mama alimtaka aseme kabla hatujaigusa.

Alisema wenzao walipata ngarawa ya kuwavusha Jumapili usiku, na wakamwita Baba. Baba alikataa. Alisema ameahidi kurudi mjini kesho, na ana nazi za watu. Alishika njia asubuhi kwa miguu na gunia kichwani. Khalfan alimfuata amzuie, akachelewa. Alimkuta kisimani nyuma ya msikiti. Yeye na mzee mmoja walimzika papo hapo, kisha Khalfan mwenyewe akakamatwa, akatupwa jela.

"Unajua kweli ni yeye?" Bibi aliuliza. Miaka sita alikuwa akitwambia mwanawe amekufa, na sasa alimuuliza Khalfan kiatu kilikuwaje, kofia ilikuwaje, jino gani lilikuwa pengo. Khalfan alimjibu moja moja. Aliposikia la jino, Bibi alilala ubavu kwenye mkeka akalia kilio ambacho sijapata kukisikia tena kwa mtu mzima. Hapo ndipo nilipojua kwamba katika nyumba yetu waliokuwa wakimsubiri Baba walikuwa wawili.

Mama aliuliza jambo moja tu.

"Siku gani?"

"Jumatatu, bibi. Asubuhi."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole. Alikunjua kanzu ya Baba, akampa Khalfan. "Ya Idi hii. Haijavaliwa," alimwambia. Kisha akamgeukia Bibi, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, akasema: "Niletee hiyo bafta, Mama. Nakaa."

Lakini wenye nyumba walitaka jambo lifuate sheria, wakamwita shekhe wa mtaa. Alikuwa mzee mpole. Alikaa nyuma ya pazia, akauliza mume alikufa lini, akaambiwa. Akasema kwamba kwa kauli anayoishika yeye, eda huanza siku ya kifo, si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi ilishapita zamani. "Huna eda, mwanangu," alisema. "Imekwisha, nawe huna dhambi, kwa kuwa hukujua."

Aliona anamletea nafuu, na yeyote angedhani hivyo.

"Shekhe," Mama alisema, "siku hizo unazonihesabia, mie n'likuwa napaka wanja."

"Huna dhambi."

"Sikukuuliza dhambi."

Mama alibaki na bafta mapajani, akaikunja, akaikunja tena, akairudisha ndani ya kifurushi cha Bibi. Alisema, wala si kwa kumwambia mtu, "Nyumba wameichukua, na mume, na hata eda yangu."

Tulibaki Maskati. Skuli zilikuwa zinafunguliwa na walimu hawapo, na Mama alikuwa amesoma. Haukupita muda akasimama mbele ya darasa la wasichana, wanja machoni. Alisomesha mpaka sauti ikamwisha. Hakuolewa tena na hakuacha wanja. Bibi alikaa naye mpaka mwisho wake, hawakugombana tena, na nakiri niliyakosa yale magomvi yao.

Mama amefariki miaka mingi sasa. Nayaandika haya nyumbani kwangu Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, ambako nimo ndani, sitoki, kwa sababu mume wangu alikufa kitandani kwake, wanawe wamemzunguka, saa inajulikana na kaburi linajulikana. Majirani wananiletea chakula na wananihesabia siku. Watu wananipa pole kwa msiba mkubwa, na ni mkubwa kweli. Namlilia kila siku. Lakini najua nimepewa kitu ambacho mama yangu alivuka jangwa kukitafuta, akafika kimeshapita.

Siku ya mwanzo binti yangu alitaka kwenda kuninunulia nguo za eda. Nilimwambia afungue sanduku la marehemu Mama, chini kabisa. Bafta imegeuka rangi kidogo, lakini mishono ya Bibi haijaachia hata mmoja. Ndiyo niliyoivaa. Inanibana mabegani, kwa kuwa ilikatwa kwa kipimo cha Mama.