Maziwa ya Kwanza ya Bingwa

Mimi ni mtu wa nyumba. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikafungua kiduka kwenye dirisha la sebule yangu hapa Yamumbi, na tangu hapo safari yangu ndefu ni kutoka kitini hadi dirishani kuuza kiberiti. Mama jirani yangu naye ana binti anayezunguka dunia akishinda mbio. Kwa hivyo ploti yetu imekamilika: kuna wa kukimbia na kuna wa kukaa.

Mwaka jana binti huyo alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Ulaya. Kwetu bingwa akirudi hupokewa uwanja wa ndege kwa mursik, maziwa yaliyolala kibuyuni na unga wa mkaa mpaka yakachachuka. Mama yake ndiye humnywesha wa kwanza, kila mara. Asipofanya hivyo, anaamini, ushindi umeenda kwa watu wengine. Lakini wiki hiyo ng'ombe alimkanyaga mguu, ukafura kama mkate.

"Utampelekea wewe," akaniambia, akinikabidhi kibuyu kama mtoto mchanga.

"Mama, si utume mtu mwenye miguu?"

"Wenye miguu wote wako mazoezini. Na usikubali wale wakubwa wa serikali wanitangulie."

Nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda. Nilichelewa, maana kufunga dirisha kulinitoa machozi. Nilipofika, wakubwa walikuwa na kibuyu chao kipya chenye utepe wa rangi za bendera, na tayari kilikuwa mdomoni mwa bingwa, kamera zikimulika. Kisha wakampandisha kwenye gari lililo wazi juu, msafara ukaondoka polepole kwa honi.

Nilifikiria kurudi nyumbani nikadanganye. Lakini yule mama huangalia mtu usoni kama daktari. Nikakumbatia kibuyu, nikakimbia.

Sasa, Eldoret kila mtu ni kocha. Watu waliojipanga barabarani kumwona bingwa walinikazia macho mimi.

"Mama, inua magoti kidogo."

"Hiyo mkono ya kushoto imelala. Iamshe."

Mwenye boda boda akaniandama taratibu, akinitazama kwa huruma. "Wenzako walimaliza Jumapili, Mama. Wewe ulipitia wapi?"

Muuza mahindi ya kuchoma akaninyooshea chupa ya maji bila kucheka hata kidogo. Nikajimwagia kichwani, vile huwa naona kwenye televisheni. Askari akasimamisha lori ili nipite. Nikampungia mkono. Sijui kwa nini.

Kondoo walinisaidia. Waliingia barabarani, msafara ukasimama, nami nikalifikia gari nikiwa sina pumzi wala heshima. Bingwa akageuka. Aliangalia miguu yangu kabla ya uso.

"Anti, unatua na kisigino. Utaumia."

Nikainua kibuyu. "Ya Mama yako," nikasema, nikitaka kulia. "Lakini wamenitangulia."

Akainama mpaka sikioni mwangu. "Niligusisha mdomo tu, kwa sababu ya kamera. Sikumeza. Nilijua Mama atatuma mtu. Sikudhani atatuma wewe."

Akanywa mpaka maziwa yakamtiririka kidevuni. Kisha akachukua simu yangu, akampigia mama yake kwa video. Mama alikuwa ameweka mguu juu ya stuli. Hakusalimu mtu.

"Kunywa tena," akasema. "Sijaona koo ikisonga."

Kondoo walishavuka. Wakubwa walikuwa wakiangalia saa zao, ving'ora vikilia bure. Bingwa wa dunia akainua kibuyu tena, akanywa polepole, shingo ikielekezwa kwenye simu. Mama akasogea karibu sana, ikabaki tunaona jicho moja tu.

"Sawa," jicho likasema. "Sasa umeshinda. Na huyo jirani mwambie akae chini kabla hajaanguka."