Kaa la Bi Nyooka

Shangazi yangu alikuwa dobi katika mji wetu mdogo wa jangwani, mji ambamo nguo safi hudumu mpaka mlangoni tu. Watu walimwita Bi Nyooka kwa sababu alinyoosha kila kitu: mashuka, kola na watu. Aliolewa mara moja tu. Baada ya miezi minane akamrudisha mume kwa mama yake, akisema mtu anayetupa soksi chini ya kitanda hajamaliza kulelewa. Tangu hapo hakumwomba mtu chochote, hata chumvi.

Mimi niliweka cherehani yangu kwenye chumba hichohicho cha kupigia pasi, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe. Asiyeniamini shauri yake.

Mwanaume mmoja waliyemwita Vumbi alikuja na kampuni ya kuchimba visima. Alikuwa fundi bomba katika mji usio na maji, mdomo wake hauna breki, na shati lake halikuwahi kukaa ndani ya suruali. Kila Jumatatu alileta shati lilelile. Shangazi alilinyoosha mpaka ungeweza kukatia mkate, na ikifika saa sita mchana limekunjamana kama limelaliwa na mbuzi. Siku ya kwanza alipotaka kuketi, Shangazi alimtandikia gazeti.

"Bibie, mimi karanga, nifungwe kwenye gazeti?"

"Karanga hazina uchafu huo."

Vumbi alicheka mpaka akakohoa, kisha akapiga soga saa mbili nzima. Shangazi alijikausha, akaendelea kupiga pasi. Lakini baada ya miezi mitatu gazeti liligeuka mto, na mto ukavaa foronya nyeupe. Nyeupe! Mimi, damu yake, nilikuwa nakalia ndoo.

"Shangazi, unampenda yule mtu," nikamwambia.

"Namfulia."

"Mficha uchi hazai."

"Wewe shona."

Mwezi wa nne tangu aje, visima vyote vitatu vikatoka vikavu na kampuni ikafungasha virago. Vumbi akaja na begi lake, wenzake wakimsubiri ndani ya lori, nje ya mlango wetu.

"Bibie, ndiyo naondoka. Kama una neno, sema. Moja tu linanitosha."

Nikaacha kukanyaga cherehani. Neno Shangazi alikuwa nalo, hata kipofu angeliona.

"Safari njema," akasema, akaibamiza pasi mezani.

Ilikuwa pasi ya mkaa, na kifuniko chake kilikuwa kimelegea siku nyingi. Kikafunguka. Kaa moja jekundu likaruka, likatua kwenye pindo la suruali ya Vumbi, ambaye alishageuka kuelekea mlangoni.

"Kaa!" Shangazi akapiga kelele. "Wewe, kaa! Kaa!"

Vumbi akasimama. Begi likamponyoka. Akageuka, macho yamejaa machozi, mwanaume mzima.

"Nakaa," akasema. "Haki ya Mungu, nakaa!" Akaenda kuketi kwenye mto wake, moshi ukimfuka mguuni.

Shangazi akammwagia maji ya kunyunyizia nguo, chupa nzima. Hapo ndipo Vumbi alipolitazama lile tundu la suruali, kisha lile kaa lililozimika sakafuni. Akili ikamjia taratibu.

"Kumbe ulisema kaa la moto," akasema.

Akaokota begi. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha mteja nisicheke, lakini nilipoona mikono ya Shangazi, mikono iliyonyoosha mashuka ya mji mzima, inaikunjakunja kanga yake, kicheko kikaniisha. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kumzaba kibao.

Honi ikalia huko nje. Vumbi akashika kitasa.

Shangazi akafungua pasi yake, akamwaga makaa yote ndani ya ndoo ya maji, maji ambayo tungeyatumia siku mbili. Yakachemka, yakanyamaza. Akaiinua pasi tupu, akamwonyesha.

"Hapa hakuna moto tena," akasema. "Kaa."

Honi ikalia mara tatu zaidi, halafu lori likaondoka. Vumbi akaketi juu ya foronya nyeupe na suruali yake iliyolowa tope, na Shangazi hakuleta gazeti.