Mfereji Ulioishia Krismasi

Ninamsifu Mungu anayetutolea maji msituni bila kutuuliza kama tunastahili, na aliyenivumilia mimi, mwinjilisti mstaafu wa Kirua Vunjo, hadi umri huu.

Mfereji wetu hupita kwanza kwa watu wa juu. Pale unapotoka kwao na kuingia kwetu, wageni wa mradi mmoja wa maji waliweka kipimo siku mbili baada ya Krismasi. Kila dakika kiliandika mstari mmoja: tarehe, saa, kina cha maji. Mwaka wake wa tatu, Januari na Februari, migomba yetu ya chini ilinyauka. Niliamini watu wa juu wanachepusha maji kwa siri. Nikatangaza kwamba kwenye kikao cha Jumamosi nitaleta ushahidi, wanyimwe zamu msimu mzima.

Ushahidi ulikuwa ndani ya flashi: faili moja la maandishi matupu, la karibu miaka mitatu. Alhamisi nikalipeleka Kiboriloni, kwa mama mwenye steshenari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nataka hili liwe jedwali, kisha ulichapishe."

Alipolifungua, kioo kikawa cheupe na kompyuta ikaganda. Nikavuta stuli, nikakaa nyuma ya bega lake.

"Baba, unanihemea shingoni. Faili ni zito, liache lipumue."

Lilipofunguka akaligeuza kuwa jedwali. Ujumbe mfupi ukatokea katikati ya kioo. Akaubonyeza ukaondoka kabla sijavaa miwani. Akashuka hadi mwisho. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku ya Krismasi, kabla tu ya ule ukame. Januari haikuwepo. Februari haikuwepo.

"Kwenu ni wapi, mama?" nikauliza polepole.

"Hapo juu yenu, baba, karibu na banio, maji yanapoingilia mferejini."

Nikachomoa flashi, nikaifunga kwenye leso.

"Kikao chenu nimekisikia," akasema. "Maji yenu sijayanywa mimi. Huku tunakunywa ya bomba." Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikaenda moja kwa moja mtaa wa Mawenzi, mjini, kwa mzee mwenzangu anayetengeneza kompyuta. Jedwali lake nalo likaishia Krismasi, dakika ileile. Nikamuuliza kama ameoa huko juu.

"Nimeoa Upareni," akasema. "Vaa miwani usome."

Ule ujumbe ulikuwa umetokea tena, ukisema jedwali limejaa. Mistari iliyozidi milioni moja na kidogo imeachwa nje.

"Hakuna aliyekata kitu. Faili lenyewe lina kila mstari. Rudi kwa yule mama, mwambie aligawe vipande, kila mwaka na jedwali lake."

Ijumaa nikarudi. Hakuniuliza nilikokuwa. Aligawa faili vipande vitatu, Januari ikatokea, Februari ikafuata, akachora grafu ya kina cha maji. Nilitafuta mahali yaliposhuka ghafla, maana mtu akichepusha mfereji, maji ya chini hukatika palepale.

"Hapo!" nikasema.

Ilikuwa mara moja tu, Jumatano moja, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nikafungua shajara yangu. Siku hiyo ni sisi wa chini tuliofunga banio ili tuzoe tope. Niliongoza mimi, na sala nilisali mimi. Siku nyingine zote maji yalipungua taratibu, kama ilivyo vuli inapokosa mvua.

"Nichapishe?" mama akauliza.

"Chapisha yote."

Jumamosi asubuhi nilichuma majani mawili ya isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba langu la nyumbani. Kwetu, jani hilo ndilo la kuombea msamaha, na anayepelekewa halikatai. La kwanza nilimpelekea yule mama. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kompyuta, akaendelea na mteja wake. La pili nilimpa mzee wa watu wa juu mbele ya kikao.

"Na ushahidi wako?" akauliza.

"Ndio huo," nikamjibu, nikimwekea karatasi mapajani.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie maji ya kutosha katika zamu yako, na akufumbue macho uuone mwaka wako wote kabla hujamshtaki jirani.