Nani Aliunga Mkono?

Mwaka 2017 Angélique, mama wa Uvira, Kongo, aliyekuwa akisuka nywele Rosettenville jijini Johannesburg, alipata kazi mtaa wa Observatory ya kumtunza Bwana Hobday, Mwingereza kipofu wa miaka tisini. Alipewa kazi kwa sababu ya Kiswahili. Mzee huyo aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge Tanga, na uzeeni alipenda kuisikia lugha hiyo.

Kabla ya Tanga alikuwa karani wa halmashauri ya kijiji chao huko Uingereza, Hexterley. Alimsimulia Angélique habari za kanisa la mawe, na ugomvi wa miaka minne juu ya njia ya kondoo.

"Watu saba mezani. Mmoja akitoa hoja, sharti mwingine aiunge mkono, na kila neno linaandikwa."

"Kwetu chefu wa kijiji akisema, imekwisha," Angélique alicheka.

Haja ya mzee ilikuwa moja: azikwe Hexterley, ubavuni mwa mama yake. Angélique alimwandikia barua ya kuiomba halmashauri. Walingoja miezi mitatu.

Jibu lilifika asubuhi. Angélique alilisoma kimya barazani. Wamekataa. Akamtazama mzee aliyekuwa akingoja, ameegemea mkongojo.

"Wamekubali, Babu."

"Hoja alitoa nani?"

Angélique alitaja jina la kwao lililomjia kwanza. "Bwana... Théodore."

"Nani aliunga mkono?"

"Marcellin."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Marcellin, Hexterley! Wakongo mmekiteka lini kijiji chetu?" Kisha kicheko kikakatika. "Mama Hénock, sasa nisomee kilichoandikwa."

Uongo wa huruma nao ni uongo, na Angélique, aliyewakataza Hénock na wanawe wengine hata uongo wa mzaha, aliona aibu. Akasoma: "Kwa kanuni ya mwaka 1953, aliyehama kijiji si mkazi tena..."

"...wala hana haki ya kaburi," mzee akamalizia. "Niliiandika mimi. Mjane mmoja alitaka kumrudisha mumewe kutoka Kanada. Tulimkatalia."

"Akamzika wapi?"

"Sikuuliza."

Hakuitaja Hexterley tena. Alifariki Agosti, akazikwa Johannesburg. Kaburini walikuwepo mchungaji, wachimbaji wawili na Angélique. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, Angélique alisogea mbele.

"Natoa hoja," alisema, "mzee huyu ni mkazi wa hapa."

Akangoja wa kuunga mkono. Hakukuwa na mwingine pale aliyejua Kiswahili.