Sukari kwenye shavu la mama mchungaji

Jumamosi, kwenye saluni moja hapa Likasi, umeme ukakatika, nami nikasikia kijiko kinakwangua bakuli, na bakuli lenyewe ni langu! Nilikuwa nimeliweka mezani nikingoja zamu ya uso wangu. Ndani mna unga wa mchele niliokanda na sukari, wa kupikia vile vitonge vitamu vya Kichina ambavyo mume wangu alionjeshwa na wakubwa wake Wachina kule mgodini Kamatanda. Gizani fundi wa saluni alidhani ni dawa yake ya ngozi ya Kichina, akampaka mama mchungaji, mke wa mchungaji wetu, aliyekuwa mbele yangu kwenye zamu. Na kesho yake mama huyo ndiye angembeba binti yangu akibarikiwa kanisani! Kabla sijasema neno umeme ukarudi. Binti, niliyekuwa nimempakata, akanichomoka, akamlamba mama mchungaji shavu.

“Mama, sukari!”

Mama mchungaji akacheka, macho yamefumbwa. “Muliona? Mutoto anajua uso yenye iko na upako. Na hii dawa ya Wachina ni ya kweli!”

Fundi akaonja kidole chake, akanikazia macho. “Weye, mama, nyamaza.”

Nikaapa kwamba sitasema. Jumapili uso wa mama mchungaji ulimeremeta kweli, binti akabarikiwa huku akilinusanusa shavu lile. Nimewaambia ninyi wasomaji tu. Mwingine yeyote, naahidi, simwambii.